Kifungua Mimba wa Mbao

"Nipatie jozi mbili," Njagi alisema. "Moja ya Makandi, na moja ya dada yake mkubwa."

Duka la Ndambiri pale Kiritiri si mahali pa kimya. Jioni watu wakitoka mashambani kuna redio, kuna wanaume wanaotafuna majani ya muguka wakibishana, kuna watoto wametumwa chumvi wakasahau wametumwa nini. Lakini jioni hiyo hata mzee aliyekuwa akikohoa pembeni aliahirisha kikohozi chake. Ndambiri alibaki na ndara ya plastiki mkononi. Alimtazama Njagi. Kisha akatazama juu ya bega la Njagi, pale ambapo Celina, mkewe, alikuwa amesimama na paketi ya maziwa.

"Dada yake yupi? Si Makandi ni mtoto wenu wa pekee?" Ndambiri akauliza polepole, kwa utamu wa mtu aliyeletewa habari hadi mlangoni.

Njagi alikuwa mtu wa mdomo. Mdomo huo ulikuwa umemtoa mikononi mwa polisi wa bandari kule Komoro, umemwombea mananasi kwa watawa wa Madagaska, na umempatia mke kutoka Tigania wakati hakuwa na hata viatu vya kuonyesha wakwe. Jioni hiyo ulifunguka, ukafungika, ukafunguka tena, kama wa samaki aliyetupwa kwenye mchanga.

"Kwani nimesema nini?"

"Umesema dada yake. Tena umesema mguu wake ni mpana."

Hakukumbuka kusema mguu mpana. Alichokumbuka ni kwamba maneno yalitoka yenyewe, mepesi, kama jina la mtu unayemwita kila siku. Akacheka. Hakuna aliyecheka naye. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyeingia kanisani na mavi ya ng'ombe kwenye kiatu.

Celina alitia maziwa kwenye mfuko, akatoka.

Walitembea kuelekea nyumbani, yeye mbele, Njagi nyuma. Jua lilikuwa limebakisha wekundu kidogo juu ya vilima, na kule chini maji ya bwawa la Kiambere yalianza kugeuka rangi ya bati.

"Ako wapi?" Celina akauliza bila kugeuka.

"Nani?"

"Huyo mkubwa wa Makandi. Ako Kilifi, ama ako kule Madagaska? Ndiyo maana kila bandari ulikuwa unashuka peke yako, ati unatafuta skrubu."

"Celina, aki nilikuwa natafuta skrubu."

"Skrubu ya mguu mpana."

Hapo ningemhurumia Njagi, kama si kwamba shida yote aliipika kwa mikono yake.

Huyu ni mtu wa Mbeere, nchi ambayo maji ya kuoga yanapimwa kwa kikombe. Akiwa kijana aliteremka Pwani kufanya kazi ya kupaka rangi boti za watalii, na huko akapatwa na wazimu wa tanga. Alinunua boti ndogo ya mbao iliyokuwa imeachwa na Mzungu mmoja mgonjwa, akaiziba, akaipaka rangi, akaoa, akamtia mke ndani. Walizunguka Lamu, Pemba, Mafia, Komoro, mpaka Madagaska. Makandi alijifunza kutambaa kwenye sakafu inayoyumba, na mara ya kwanza kukanyaga nchi kavu alianguka, akalia, akauliza mbona dunia imesimama. Jikoni ni jiko moja, kitanda ni kimoja na nusu, na sheria ni moja tu: mtoto hatoki wala haingii bila mkanda wa kifuani uliofungwa kwa kamba.

Boti hiyo aliiita Rwamba. Hilo lilikuwa jina la mama yake.

Sasa, kila mtu wa Embu na Mbeere anajua mpangilio. Binti wa kwanza huitwa jina la mama wa baba. Si jina tu. Nyanya anakuwa amezaliwa tena. Hata wewe baba ukimkemea yule mtoto unamkemea kwa adabu, maana ni mama yako huyo. Binti wa pili ndiye wa upande wa mke. Lakini Makandi alipozaliwa, herufi za RWAMBA zilikuwa tayari nyuma ya boti, kubwa, nyekundu. Njagi akiwa bado na wenge la furaha akamwambia Celina pale kwenye kitanda cha uzazi: "Mama yangu ameshazaliwa, ana tanga mbili. Huyu mpe mama yako." Manesi walicheka. Celina alifurahi, kwa sababu mama yake mzee kule Muthara, Makandi mkubwa, alikuwa anangoja mjukuu wa jina lake. Mambo yakaishia hapo.

Ama Celina alidhani yaliishia hapo. Yeye boti hiyo hakuipenda kamwe. Hakuitaja kwa jina. Aliiita "hiyo kitu". Njagi akiamka usiku huwa anaigusa ubavuni kabla ya kumgusa mke. Akitoka kuoga baharini anaisalimu. "Ulioa hiyo kitu kwanza," Celina alikuwa akisema, "mimi ni wa pili," na Njagi anacheka, na yeye hacheki.

Mama yake Njagi alipofariki, wao walikuwa mbali baharini, hawakuwahi mazishi. Mwaka huu mbao za chini zilianza kuoza, na Njagi akaamua kuipandisha kwa lori hadi nyumbani, aitengeneze kwenye shamba la ndengu karibu na kaburi la mama, aijaribu kwenye bwawa, kisha baada ya Krismasi wateremke tena Pwani. Watu walijipanga barabarani kuiona. Walimbatiza Nuhu. Yeye akawapungia mkono kama mheshimiwa.

Walipofika nyumbani, dada yake Njagi, Jedidah, alikuwa mlangoni mwa jikoni akipepeta mawele kwenye ungo.

"Makandi ako wapi?" Celina akauliza.

"Ameenda kwa boti na dada yake."

Mawele yaliendelea kuruka mara moja, mara mbili. Kisha ungo ukasimama hewani.

Jedidah akaweka mkono mdomoni.

"Nimesema nini mimi?" akanong'ona.

Celina aliangusha mfuko. Paketi ya maziwa ilipasuka. Alikuwa ameshaanza kukimbia, na Njagi nyuma yake, na Jedidah, ambaye magoti yake hayajakimbia tangu shule, nyuma ya Njagi. Njia ilipita katikati ya ndengu. Huko mbele boti ilionekana nyeusi juu ya magogo na mawe, kubwa kuliko ilivyokuwa mchana.

"Njagi!" Jedidah alisema akihema. "Ulimwambia mama nini kwa simu?"

"Lini?"

"Akiwa mgonjwa! Mama alikufa akiuliza mbona Rwamba haletwi amwone. Nilidhani ni homa. Ulimwambia nini?"

Njagi alikuwa anamkumbuka mama kwenye simu, sauti nyembamba, akiuliza: Nimezaliwa? Naye akamwambia, umezaliwa, mama. Anaongea? Anaongea sana, hasa upepo ukivuma. Anakupenda? Aah, mama, hataki niende popote bila yeye. Mama alicheka hadi akakohoa. Ilikuwa zawadi ndogo kwa mgonjwa. Mzaha tu. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mjukuu huyo ni wa mbao.

"Nilimwambia amezaliwa," akasema.

Celina alisikia. Alipunguza mwendo kidogo, akageuza uso. Ule mguu mpana, yule dada mkubwa, yule mtoto wa nje aliyemchoma roho kutoka Kiritiri hadi hapa... akatazama boti.

"Ni hiyo?" akauliza.

Hapo ndipo harufu ilipowafikia.

Chumvi.

Si chumvi ya jikoni. Chumvi ya bahari, yenye mwani uliooza na kamba zilizolowa wiki nzima. Katikati ya Mbeere, mahali ambapo vumbi ndilo marashi. Na ndani yake, harufu nyingine, kavu, ya kuwasha pua.

"Ugoro," Jedidah akanong'ona. "Ugoro wa mama."

Kisha sauti.

Ti... ti... ti...

Njagi alilala na sauti hiyo miaka yote ya ndoa yake. Ni kamba inayogonga mlingoti boti ikiwa imetia nanga na upepo ni mdogo. Usingizi wake wote ulikuwa ndani ya sauti hiyo.

Ti... ti... ti...

Lakini mlingoti ulikuwa umelazwa kando ya zizi la mbuzi. Aliung'oa mwenyewe. Na kamba zote zilikuwa ndani ya nyumba, chini ya kitanda.

"Ni upepo," akasema.

"Upepo gani?" Celina akajibu.

Ndengu zilikuwa zimesimama tuli. Hakuna jani lililotikisika. Na boti ilikuwa inayumba. Taratibu. Kushoto... kulia... kushoto... Magogo yaliyoishikilia hayakusogea hata kidogo, lakini boti ilikuwa inayumba.

Kutoka ndani, mtoto alicheka.

Kisha mtoto mwingine akacheka.

"Sasa ni mimi nitalala kwa baba," sauti moja ikasema. "Wewe umekaa naye sana."

"Baba ni wetu wote," Makandi akajibu. Sauti yake ilitetemeka kama ya mtu anayeoga maji baridi. "Shangazi Jedidah alisema vitu tugawane."

"Sigawi. Alinipata mimi kwanza. Wewe ulikuja ukachukua nafasi yangu. Ukachukua mgongo. Ukachukua maziwa. Mimi nikaachiwa jua na misumari."

Njagi alipanda ngazi. Hajui alivyopanda. Alivuta kifuniko cha juu na kuinama kwenye giza la kile chumba kidogo ambamo mwanawe alikulia.

Kulikuwa na maji.

Maji yalikuwa yamefika kifuani mwa Makandi. Alisimama katikati, amevaa ule mkanda wake wa zamani, mdogo kupita kiasi, umembana mbavu. Kamba ilitoka kwenye mkanda ikaingia majini hadi kwenye pete ya chuma sakafuni. Fundo la juu lilikuwa fundo la Njagi mwenyewe, lile la kuzungusha mara mbili na kupitisha chini. Boti ilikuwa imefungwa nalo katika kila bandari. Ilikuwa imelijua.

"Baba," Makandi akasema, "amesema leo ni zamu yangu kuwa boti."

Njagi aliingiza miguu aruke ndani. Kitu kikamsukuma kifuani. Kilikuwa kidogo, kimelowa, baridi kama nanga. Alikipapasa gizani kabla hakijaondoka. Vidole vitano vifupi. Wayo. Ulikuwa mguu wa mtoto, na ulikuwa mpana, mpana kama miguu ya mama yake Njagi, ile ambayo hakuna fundi wa Embu aliyewahi kuipatia kiatu.

Akarushwa nyuma, mgongo ukagonga ubao.

"Mwambie ukweli!" Jedidah alilia kutoka chini. "Njagi, mwambie mama ukweli! Usifanye mzaha!"

Akatambaa tena hadi mlangoni. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitafuta neno la kuchekesha akafurahi kulikosa.

"Mama," akasema. "Hukuzaliwa. Nilikudanganya. Hii ni boti. Ni mbao, mama. Niachie mtoto."

Ti...

Ikanyamaza.

Boti iliacha kuyumba. Njagi alivuta pumzi.

"Kwa hivyo mimi ni nani?" sauti ikauliza.

Haikuwa tena ya mtoto peke yake. Ilikuwa ya mtoto na ya mzee, zimekaa pamoja koo moja. Na maji yakaanza kupanda. Yalipita mabega ya Makandi. Yakagusa kidevu. Makandi aliinua uso kama wanavyofundishwa watoto wa baharini, pua juu, mdomo umefungwa, macho yakimtafuta baba yake. Njagi alinyoosha mkono, na kila alipokaribia, kamba ilijivuta fupi zaidi.

Mtu akamsukuma kando. Safari hii alikuwa Celina.

Alipiga magoti, akashika kingo za mlango kwa mikono miwili. Sauti yake ilitoka kama ya mama aliyerudi kutoka sokoni akakuta nyumba haijafagiliwa.

"Rwamba."

Hakuwa amewahi kulitamka.

"Rwamba, unanisikia? Mimi nimekuonea wivu tangu siku niliyokuona. Nilikunyima jina. Nilikutemea mate mara nyingine, baba yako hajui. Hilo ni langu, nitalibeba. Lakini sasa nisikilize. Wewe ndiye kifungua mimba. Huyu hakuchukua nafasi yako. Hawezi, yeye ni wa pili. Huyo ni mdogo wako."

Maji yalikuwa kwenye midomo ya Makandi.

"Na kwetu," Celina akasema, "hata kwa baba yako, hata kwetu Tigania, msichana mkubwa humbeba mdogo wake. Mimi nilibeba wadogo wangu hadi mgongo ukawa na alama. Unataka kuwa wa kwanza? Kazi ya wa kwanza ndiyo hiyo. Mbebe. Mlete hapa."

Tone moja la maji likaanguka mahali fulani.

"Nikimleta," sauti ikasema, ndogo sana sasa, "nitabaki peke yangu?"

"Hutabaki."

"Unaapa?"

"Celina..." Njagi akaanza.

"Nyamaza, Baba Makandi. Naapa."

Mkanda ulilegea. Walisikia fundo likifunguka chini ya maji, polepole, kama linavyofunguliwa na mtu anayelijua. Kisha Makandi akaanza kuinuka. Hakuogelea. Hakupanda. Aliinuka akiwa ameinama mbele, magoti yamekunjwa na kutanuka, mikono imezunguka mbele kama mtu aliyeshika shingo, shavu limelala juu ya bega.

Hakukuwa na bega.

Alipanda ngazi ya ndani hivyo hivyo, akitingishika kidogo kwa kila hatua, kama mtoto anavyotingishika mgongoni mwa anayembeba. Kila kidato kililia. Kila kidato kikabaki na alama ya maji, fupi, pana.

Celina alimpokea. Akamkumbatia akiwa analowa maji ya chumvi, akarudi nyuma hadi kwenye ngazi ya nje. Kisha akageuza uso kuelekea lile giza.

"Asante, mwanangu," akasema.

Asubuhi Njagi aliingia na panga mkononi, akijua fika ni ujinga. Ndani palikuwa pakavu. Vumbi lilikuwa vile vile. Lakini kuzunguka kuta zote kulikuwa na mstari mweupe wa chumvi, ulionyooka, kwenye urefu wa midomo ya mtoto wa miaka minane. Aliulamba kuhakikisha. Akatema.

Mchungaji alikuja akaomba. Majirani walisema ni uchawi wa watu wenye wivu, na kila mmoja alimtaja jirani aliyekuwa hamsalimii. Pale dukani Ndambiri alishikilia kuwa kuna mwanamke Kilifi, na hadi leo anasubiri aje na mtoto. Makandi mwenyewe hakuogopa kitu. Ukimuuliza ilikuwaje, anasema, "Dada alinibeba," kisha anaulizia uji.

Walihamia Embu mjini, vyumba viwili mtaa wa Majimbo, mbali na maji yoyote isipokuwa ya bomba. Makandi akaingia shule. Habari za Krismasi na Pwani hazikutajwa. Njagi alipata kazi ya kupaka rangi nyumba za watu, na akawa anachekesha mafundi, na maisha yakafanana na maisha.

Isipokuwa Jumamosi. Kila Jumamosi asubuhi Celina anateremka Mbeere peke yake. Mwanzoni Njagi alidhani anamsaidia Jedidah na ndengu. Siku moja akamfuata. Alipanda ngazi akachungulia, akamkuta ndani ya boti, kifuniko wazi, jua limeingia, fagio limeegemezwa ukutani. Celina alikuwa ameketi sakafuni, akiongea Kimeru kwa sauti ya chini. Alikuwa anaeleza bei ya nyanya, na jinsi Makandi alivyong'oka jino. Mara ananyamaza, kichwa kimeinama upande, kama anayesikiliza. Kisha anacheka.

Njagi alishuka, akasimama pale kwenye ndengu na kitu kikamuuma chini ya mbavu. Ilimchukua muda kukitambua, maana hakuwa amewahi kukihisi upande wake. Ulikuwa wivu. Miaka yote hiyo boti ilimwongelesha yeye. Sasa alisogea akapapasa ubavu wa boti, pale pale alipozoea, na mbao zilikuwa mbao.

Wiki iliyofuata mtu wa Kilifi akapiga simu. Alikuwa na mke na watoto, alitaka kuwafundisha bahari, alikuwa amesikia kuna boti nzuri imekaa bure huko bara. Lori lilikuwa tayari. Njagi alimwambia atampigia baadaye.

Alingoja wakati wa chakula cha mchana, Makandi akiwa nje anaruka kamba na watoto wa ploti. Celina alikuwa anamenya ndizi. Njagi alieleza yote taratibu, akazunguka, akasifu hali ya lori. Celina aliendelea kumenya.

"Watu wazuri," Njagi akasema. "Wana watoto. Na tukiwa wakweli, Celina, ni mbao tu, misumari, na rangi yangu mbaya."

Celina alitua kisu. Alimtazama mumewe kama anavyotazamwa mgeni aliyeulizia kitu kisichoulizwa.

"Binti yangu hauzwi."